Friza Namba Kumi na Saba

Tulimwacha Agneta mlangoni mwa stoo, funguo mkononi, mdomo wazi. Mbele yake Bwana Khaemba amechuchumaa, anaangalia alama nne za miguu ya friza kwenye vumbi. Alama zipo. Friza haipo.

"Mama Winny," alikuwa amemwuliza, akimwita kwa jina la binti yake, "namba kumi na saba iko wapi?"

Na wewe msomaji umekaa wiki nzima ukisema: huyo atasema ukweli. Mama wa kanisa, miaka kumi na mmoja anafagia jengo la serikali na hajapoteza hata fagio. Atasema tu.

Hakusema.

"Sijui, Bwana Khaemba."

Uongo ulitoka laini kama uji. Yeye mwenyewe alishtuka jinsi ulivyotoka bila kukwama.

Khaemba akainuka, akajipangusa magoti. Yeye ndiye afisa wa vitu vya hatari katika jengo lile. Yeye ndiye aliyepita chumba kwa chumba na daftari, akaorodhesha mabati ya asbesto yaliyotolewa paani, taa ndefu zenye zebaki, mitungi ya zamani ya kuzimia moto, friza za zamani. Kila kimoja akakibandika stika nyekundu na namba, akakifungia stoo kingoje lori lenye kibali. Lori lilikuwa lije Jumatatu ijayo. Leo Jumamosi asubuhi alikuja kuhesabu mara ya mwisho.

"Sidhani ni wewe," akasema. "Nilipopewa stoo hii wakubwa waliniuliza, ufunguo utakaa na nani? Nikawaambia kuna mama mmoja hapa, hata sindano ya serikali hawezi kuchukua."

Agneta akaangalia viatu vyake.

"Basi ni Ogola," Khaemba akasema.

"Ogola?"

"Lango ni lake. Friza haina mabawa, Mama Winny. Ilipita langoni. Nimemwuliza asubuhi hii, anasema hakuona kitu. Nimeita askari polisi wawili wanakuja kumwuliza vizuri."

Mzee Ogola! Mzee aliyebakisha miezi mitano astaafu! Jumatatu iliyopita ndiye aliyefungua lango mkokoteni upite, kwa sababu Agneta alimwambia, "Mzee, nimeruhusiwa." Hakuomba karatasi. Utamwombaje karatasi mtu anayekuletea chai kila siku?

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunapoangukia. Katika ofisi za serikali kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika. Kitu kikishasemwa kimekufa, ni cha wafagiaji. Kiti cha miguu mitatu, pazia, debe la rangi, mlango. Yanaitwa mabaki. Nyumba ya Agneta yenyewe ina dirisha lililotoka ghorofa ya pili. Hakuna aliyewahi kuita hiyo kuiba.

Khaemba alipokuja aliwakusanya wafagiaji wote akawaambia: chenye stika nyekundu si mabaki. Usikiguse, usikipeleke nyumbani, hata ukikuta kinang'aa. Wakaitikia kwa sauti moja. Agneta aliitikia kuliko wote. Halafu Jumatatu akaita mkokoteni.

"Lakini friza iliyokufa," Agneta akajaribu, "inaweza kumdhuru mtu namna gani? Si ni boksi tu?"

"Boksi!" Khaemba akacheka bila furaha. "Kwanza ndani yake kuna gesi ya zamani. Ikitoka inapanda juu kabisa, inakula ile ozoni inayotukinga tusichomwe na jua. Ndiyo maana kuna fundi anakuja na mtungi, anainyonya polepole, haachi hata pumzi moja ipotee."

Agneta akausikia tena ule mlio. *Psssss.* Kule ufuoni, msumeno wa Beldina, mke wa shemeji yake, juu ya mrija wa shaba, ili waitoe injini ile nzito. Mlio ulikuwa mrefu, na Beldina alicheka mpaka akaketi chini. "Friza imejamba!" alisema. Na yeye Agneta alicheka.

"Hiyo ni ya kwanza," Khaemba akaendelea. "Ya pili ndiyo inaninyima usingizi. Kumi na saba ilikuwa ya maabara ya juu. Miaka na miaka ilihifadhi sumu ya kupe, ile kali iliyopigwa marufuku. Chupa zilipasukia humo ndani, sumu ikaingia kwenye plastiki."

"Na mtu akiosha?"

Khaemba akamgeukia. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Hata aoshe mara mia. Plastiki imekunywa. Akitia barafu, barafu ikiyeyuka, yale maji yanaitoa kidogo kidogo. Mimi naomba tu aliyeichukua awe ameuza chuma. Kwa sababu unajua watu wetu wa samaki, Mama Winny. Unajua wanafanya nini na friza iliyokufa."

Alijua. Nani wa ziwani asiyejua? Friza iliyokufa inalazwa kando ya maji, inajazwa barafu na samaki, na hakuna boksi linaloshika baridi kama hilo. Ndiyo sababu aliichukua. Beldina alikuwa anaweka samaki kwenye kreti zilizotoboka.

Na tangu jana jioni, ndani ya namba kumi na saba, walilala samaki wa harusi, mbuta wakubwa wa ziwani. Harusi ya Nuha, binti wa Mama Kadija wa Kaloleni. Harusi ya leo. Chakula cha adhuhuri.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

"Bwana Khaemba, tumbo linaniuma."

"Nenda, mama. Nenda upumzike. Umeshtuka." Akampigapiga begani kwa huruma.

Ile huruma ilimuuma kuliko kofi.

Langoni Mzee Ogola alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. Alimwona Agneta. Aliangalia pembeni, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi ya kupita.

Agneta akapita.

*

Pikipiki ilimfikisha ufuoni vumbi hata kwenye kope. Beldina alikuwa anapara ngege, sketi imekunjwa magotini, magamba kwenye mikono mpaka kiwiko.

"Nyieka!" akaita kwa mbali. Hivyo ndivyo wanavyoitana, wake wa ndugu wawili. "Unakimbizwa na mbwa ama na mwanamume?"

Agneta alienda moja kwa moja kwenye friza, akainua kifuniko.

Barafu iliyeyuka nusu. Maji ya rangi ya chai hafifu. Samaki hakuna.

"Wako wapi?"

"Samaki ya Mama Kadija? Ilienda na tuktuk saa mbili. Kwani umetumwa uhesabu?"

"Beldina, friza ina sumu."

Akamweleza. Alimweleza kwa haraka, maneno yanapandana, sumu, plastiki, gesi, polisi, Ogola. Beldina alisikiliza kisu kikiwa hewani. Kisha akaendelea kupara.

"Nani amekuambia?"

"Khaemba."

"Khaemba amewahi kuuza samaki? Watu ya ofisi hawapendi kuona maskini akipata kitu. Hiyo friza tuliosha mimi na wewe. Sabuni, jivu, maji ya moto. Mara tatu! Hata mtoto unaweza kuogesha ndani."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema. Na nitasema ingine." Beldina akasimama, akamsogelea. Sauti ikashuka. "Ile stika nyekundu, nani alikwangua?"

"Mimi nilishika kifuniko. Wewe ndiye ulikwangua, kwa waya ya sufuria. Nikakuuliza, nyieka, hii picha ya kichwa ya mfu ni ya nini? Ukaniambia nini?"

Agneta alikumbuka kila neno. *Hiyo ni ya chupa zilizokuwa ndani. Chupa zimeenda, hatari imeenda nazo.*

Usidhani hakuona lile fuvu. Aliliona. Hakuwa amesoma sana, lakini fuvu halihitaji shule. Aliliona, moyo ukapiga mara moja, akaushika waya akakwangua. Alikwangua kwa sababu mteja akiona fuvu hanunui samaki. Hilo ndilo alilofikiria. Mteja.

"Naenda Kaloleni," akasema.

Beldina akamshika mkono kwa vidole vyenye magamba. "Sawa, nenda. Lakini tumia akili. Waambie barafu iliisha, samaki imeharibika. Watatupa, mambo imeisha. Hakuna mtu anajua friza, hakuna mtu anajua stika. Nani alikufa kwa uongo kidogo?"

Agneta alipanda pikipiki. Njia nzima aliugeuzageuza ule uongo mdogo mdomoni kama peremende. Ulikuwa mtamu kweli.

*

Kaloleni ilinukia iliki tangu barabarani. Nyuma ya nyumba ya Mama Kadija, ile ya zamani ya kaunsili ya mji, wanawake walikuwa wamejaa, wengine vitunguu, wengine mchele, wengine vicheko. Masufuria yalikaa juu ya mafiga kama wazee kikaoni. Na karai moja kubwa la mafuta lilikuwa linachemka, na ndani yake vipande vya mbuta vinageuka rangi ya dhahabu.

"Mama Winny!" Mama Kadija akaja mikono wazi, hina mpya mpaka kwenye kifundo. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu! Wallahi, samaki huyu! Shemeji yako Mungu ambariki. Nimewaambia hawa, mimi sinunui samaki njiani, mimi nina mtu wangu."

"Wameshakula?" Agneta akauliza.

"Nani ale kabla ya dua? Hata wa kuonja chumvi hatujampata. Wakasema ni mimi, nikasema la, aliyetuletea ndiye ataonja."

Akachukua kipande kutoka kwenye ungo, kinatoa moshi, akakipuliza, akampa mkononi.

Wanawake wote wakageuka. Wakatabasamu. Kisha mwenye mwiko akapiga kigelegele cha mzaha, na wengine wakaitikia.

Kipande kilichoma vidole vya Agneta. Hakukiacha. Wazo baya lilimjia, na lilikuja limevaa nguo za wazo zuri: *kile. Ukila wewe na usife, basi Khaemba ni mwongo, na hakuna wa kuaibika.*

Akakiinua mpaka mdomoni. Mate yakajaa.

"Mbona umesita?" mwenye mwiko akauliza. "Ama ni Mluo wa kwanza anayeogopa samaki?"

Wakacheka wote.

Agneta akakirudisha kipande kwenye ungo.

"Samaki... ameharibika," akasema. "Barafu iliisha usiku. Msile."

Kicheko kikakatika. Mama Kadija akakiinua kile kipande, akakinusa. Akanusa tena. Akawapa wengine wakanusa.

"Huyu? Huyu ananuka ziwa la jana! Jicho lake asubuhi lilikuwa linatuangalia kama mtu."

"Ameharibika kwa ndani."

"Hakuna neno," akasema mwenye mwiko, na akasukuma kuni mbili motoni. "Kama ni barafu tu, tutamkaanga mpaka akauke. Moto unaua kila kitu. Ongezeni mafuta!"

Na mafuta yakaongezwa!

Unaona mambo ya uongo mdogo? Haukuzuia hata kipande. Uliongeza kuni tu.

"Hapana," Agneta akasema.

Hawakumsikia. Mmoja alishaanza kuimba.

"HAPANA!"

Akaushika mpini wa karai ili alishushe. Mafuta yakaruka, yakamchoma mkono, akapiga yowe, na mwenye mwiko akamvuta nyuma kwa shingo ya gauni.

"Una wazimu? Unataka kutuunguza siku ya harusi?"

"Ana sumu!" Agneta akalia. "Si barafu. Nimewadanganya. Samaki amelala kwenye friza ya sumu, friza ya serikali, ya kuweka dawa ya kupe. Mimi ndiye niliyeiiba. Mimi ndiye niliyekwangua stika."

Ndani ya nyumba redio iliendelea na matangazo yake kama kwamba hakuna lililotokea.

Mama Kadija alimwangalia. Kisha akainama, akavuta kuni moja moja kutoka chini ya karai, akazizima mchangani. Hakuharakisha. Alipomaliza alirudi akasimama mbele ya Agneta.

"Stika ilisema nini?"

"Ilikuwa na fuvu."

"Uliliona?"

Swali dogo hivyo. Angeweza kusema hakuliona. Angeweza kusema hajui kusoma.

"Niliona."

"Uliona fuvu," Mama Kadija akasema polepole, "ukaniletea samaki wa harusi ya mwanangu."

Hakutukana. Afadhali angetukana. Miaka tisa wamekuwa wakipeana chumvi na makaa. Mwaka ule Agneta alipougua, ni huyu aliyemkalia hospitalini siku nne, na hajawahi kuitaja siku hata moja. Sasa aliurudisha mkono wake nyuma, ule wenye hina, kana kwamba Agneta ndiye mwenye sumu.

Mwenye mwiko ndiye aliyetukana. "Mwizi! Mama wa kanisa! Kila siku Yesu Yesu, kumbe mkononi ana fuvu!"

"Nyamaza," Mama Kadija akamwambia. "Mimi nina wageni mia mbili wanakuja." Kisha kwa Agneta: "Mpigie huyo mkubwa wako. Hapa hapa. Weka sauti juu, tusikie wote. Nimeshadanganywa mara moja leo."

*

Simu iliita mara nne.

"Mama Winny! Tumbo linaendeleaje?" Sauti ya Khaemba ilijaa uwanja wote. "Pole, hapa kuna fujo. Polisi wamefika. Ogola amekataa kabisa kusema."

"Kusema nini?"

"Ni nani aliyetoka na friza. Sasa anakubali kwamba aliona mkokoteni. Lakini mtu hamtaji. Anasema, mimi ni mzee, nichukueni mimi."

Basi kumbe! Kumbe lile jicho la pembeni pale langoni! Mzee wa watu alijua tangu asubuhi, na alikuwa tayari kupanda gari la polisi kwa ajili ya kikombe cha chai.

Agneta akaketi chini kwenye maganda ya vitunguu. Machozi hayakuja. Aibu ikizidi hukausha hata machozi.

"Mwacheni Mzee Ogola," akasema. "Ni mimi."

"Nini?"

"Namba kumi na saba. Niliichukua mimi. Nilimdanganya Mzee, na leo nimekudanganya wewe. Iko ufuoni. Imewekwa samaki."

Simuni, mbali nyuma, ikasikika sauti ya Mzee Ogola, imechoka: "Mama Winny? Kwa nini umesema, nyathina, mwanangu?"

Halafu Khaemba akarudi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya afisa anayesoma daftari, na Agneta akajua kwamba ile ya zamani, ya kumpigapiga begani, ameipoteza.

"Gesi ipo?"

"Ilikatwa. Ilitoka yote."

Akasikika akivuta pumzi. "Haya. Hiyo hairudi. Samaki wako wapi?"

"Wako hapa Kaloleni, kwa harusi. Hakuna aliyekula."

"Wanaosikia wanisikie vizuri. Msimwage mferejini. Msiwape paka, msiwape mbwa, msizike. Samaki, mafuta, kila kitu kwenye ndoo yenye kifuniko, andikeni juu, nitakuja mwenyewe kuzichukua. Aliyeshika samaki mbichi anawe kwa sabuni mpaka kiwiko, abadilishe nguo. Vile visu na mbao za kukatia, wekeni pembeni."

Wanawake wakaanza kukimbia. Ndoo zikaja. Mwenye mwiko aliyekuwa anatukana sasa alikuwa anajisugua mikono mpaka ngozi inawiva. Mama Kadija alikuwa anatuma watu: wawili wakanunue kuku, mmoja kwa jirani kuazima masufuria mengine. "Wageni watakula wali na kuku," akasema. "Na nikiulizwa nitasema ukweli. Kwangu leo uongo umetosha."

Hakumtazama Agneta.

Hapo ndipo pikipiki nyingine iliposimama nje, na Beldina akaingia na magamba yake mikononi. Hakuwa na mzaha wala kicheko. Alikuwa ameona kitu huko ufuoni kilichomfuata njia nzima.

"Nyieka," akasema. "Paka ya ufuoni, ile ya kijivu. Ilikunywa maji ya friza niliyofungulia asubuhi. Nimeikuta inatoa mate. Imekufa mbele yangu."

Mwenye mwiko akamwita Mungu wake. Simu ilikuwa bado wazi magotini mwa Agneta.

"Nani huyo?" Khaemba akauliza. "Ndiye mwenye samaki? Mpe simu. Mama, hiyo friza umeitumia tangu siku gani?"

"Jumatano," Beldina akaiambia simu bila kuishika.

"Jumatano! Kwa hiyo kabla ya samaki wa harusi kulikuwa na wengine. Uliuzia nani? Hoteli? Shule? Niambie majina yote sasa hivi."

"Sikuuza."

"Mama, huu si wakati wa kuficha."

"Haki ya Mungu sikuuza hata mmoja! Harusi ndiyo ya kwanza kuuza. Boksi mpya, samaki ya siku za kwanza huwezi kuuza, utafukuza bahati. Unapeana. Hiyo ndiyo desturi yetu. Kila mtu ya samaki anajua."

Agneta akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kitu kama nafuu kilimgusa. Hakuuza. Hakuna hoteli, hakuna shule. Basi ni watu wachache tu. Pengine ni mtu mmoja tu.

"Ulimpa nani?" akauliza.

Beldina alianza kubandua magamba mkononi, moja, moja.

"Beldina. Ulimpa nani?"

"Inapewa mama aliyezaa," Beldina akasema chini. "Ndiyo ina bahati. Unapikia yeye supu ya kichwa, maziwa ikuje."

"Mama gani aliyezaa?"

Lakini alikuwa ameshajua. Katika boma lao lote mama aliyezaa alikuwa mmoja. Alikuwa anakaa Otonglo, nyuma ya soko, na mtoto wa wiki tatu, wa kiume, mjukuu ambaye Agneta mwenyewe alimpokea hospitalini akiwa bado hajapanguswa.

"Mara ngapi?" Agneta akauliza.

"Jumatano. Alhamisi. Jana pia." Beldina sasa alikuwa analia waziwazi, kamasi na magamba. "Ulisema ni salama, nyieka. Uliniambia hatari imeenda na chupa. Winny alifurahi! Jana aliniambia, Mama Mdogo, maziwa imejaa mpaka inamwagika. Akasema mtoto sasa hasumbui. Ananyonya, halafu analala. Kutwa analala tu."

Kutoka simuni sauti ya Khaemba ilipanda, kali, ya haraka.

"Analala namna gani? Halo? Mkimwamsha, anaamka?"